Faili SIRI KUBWA

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Balaa! Chuo cha wauguzi kinatafuta fundi wa kushona sare, na Pamba, mshindani wangu wa miaka yote, ameshachora mitindo sita. Sita! Mimi sina hata mmoja. Mke wangu ametangaza: nikiikosa kazi hii, tunafunga kibanda na mimi nakwenda kushona maturubai kwenye karakana ya mama yake, chini ya kaka yake. Maturubai! Mimi niliyewahi kushona suti ya bwana harusi! (Aliirudisha, lakini niliishona.)

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekwenda kwa Pamba, nikajifanya nataka suruali ifupishwe. Alipopiga magoti kuweka pini, nikaipiga picha michoro yote sita ukutani. Kila mchoro una sahihi yake. Nikaiziba kwa kidole gumba. Akili ni nywele, kila mtu ana zake! Suruali imeishia magotini. Sijali.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Jamani! Chuo hakipokei picha. Wanataka PDF moja, kwenye flashi. Nimeuliza PDF ni dude gani. Mke wangu kanieleza kuwa ni picha zilizopangwa kurasa kurasa, kama kitabu. Mtaani duka la kuchapa ni moja tu, na mwenyewe ni dada yake Pamba, tumbo moja! Nimpe michoro ya kaka yake anipangie? Si kujipeleka machinjioni?

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimeipata dawa! Kuna tovuti inayogeuza picha kuwa PDF ndani ya kivinjari chenyewe. Imeandikwa waziwazi: picha hazipelekwi kokote, haziondoki kwenye kompyuta unayotumia. Simu yangu kuukuu ilikataa kuifungua, basi nikakodi kompyuta ya pembeni dukani kwa dada yake Pamba, nikahamishia picha humo. Akauliza kama anisaidie. Nikamjibu asante dada, ni mambo ya familia, nikafunika skrini kwa koti.

Lakini mimi siamini maneno matupu. Nikachomoa waya wa intaneti ya duka nijionee. Duka zima likapiga kelele! Mwanamke mmoja alikuwa ukurasa wa mwisho wa fomu, karibu anizabe kofi. Na picha zangu? Zinajipanga zenyewe, moja mpaka sita, bila mtandao! Nywele zilinisimama. Ni kweli, hakitoki kitu! Nikaliita faili SIRI KUBWA, nikalinakili kwenye flashi, nikalipeleka chuoni. Nimetembea kifua mbele, magoti nje.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

SIJAWAHI KUONA! Matroni wa chuo ametuita sote. Mezani michoro ya Pamba. Pembeni yake PDF yangu. Pembeni tena PDF yangu ileile, imechapishwa kwa rangi! Kumbe kaileta dada yake Pamba. Anasema alikuta SIRI KUBWA limekaa katikati ya skrini ya kompyuta yake, akadhani mteja kasahau kitu, akalifungua ajue amtafute nani. Akakuta michoro ya kaka yake na kidole gumba, mara sita.

Matroni akaomba kukiona kidole changu. Nikakitia mfukoni. Akasema siku za mwizi ni arobaini. Mimi sijafika hata saba! Pamba kapewa kazi. Hakunitukana. Aliniuliza tu, kwa upole, kama suruali imenikaa vizuri.

Kinachoniuma ni huyo dada. Anafungua kompyuta yake mwenyewe bila idhini yangu! Watu hawana haya.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Siku ya tano ya maturubai. Vidole vimevimba. Shemeji, msimamizi wangu, analala mchana kutwa juu ya marobota, na mama mkwe hana habari. Nimeshampiga picha kumi na moja akikoroma. Mama mkwe atazipata kesho kama PDF, shemeji ataondolewa, nami nitakuwa msimamizi. Simu yangu imekataa tena kuifungua tovuti, nikaazima ya mke wangu, nikahamishia picha humo. Akauliza ya nini. Nikasema mambo ya kazi.

Safari hii nimekuwa makini. Duka la kuchapa sikanyagi! Na tovuti imeniahidi vilevile: picha haziondoki kwenye simu hii. Faili nimeliita MAOVU YA SHEMEJI. Nimemrudishia mke wangu simu yake, nikaenda kuoga huku naimba.