Ombi la Kurudishiwa Shimo Letu

Kwa Mhandisi wa Barabara,
Ofisi ya Mji.

Mheshimiwa Mhandisi,

Nakusalimu kwa heshima zote, na pole na kazi. Mimi ni fundi cherehani, mjane, mama wa mabinti watatu. Duka langu linatazamana na lile shimo ambalo watu wako wamelifukia wiki iliyopita bila hata salamu. Nimelia kidogo, nikapiga pasi magauni mawili, kisha nikashika kalamu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Shimo lile lilikuwa la familia. Lilizaliwa mtaro wa upande wetu ulipoziba kwa mchanga na mifuko. Mvua ikinyesha, maji yalikosa pa kwenda, yakalala juu ya lami kama mgeni asiyejua kuaga. Lami ikaingia nyufa, maji yakapenya, udongo wa chini ukalainika, malori yakapita, na kipande kikadidimia. Msimu huo huo likameza gurudumu la mwalimu wa hesabu. Binti yangu mkubwa alimpelekea ubao wa kuwekea jeki. Leo wana mapacha.

2. Mvua zilizofuata shimo likapanuka, nasi tukapanua matumaini. Muuza magodoro alizama na gari lake, mzigo ukaloa chapachapa, binti wa pili akamsaidia kuuanika ukutani kwetu. Magodoro hayakauki upesi, Mheshimiwa. Yalipokauka, mwenyewe alikuwa ameshaanza kuniita mama.

3. Nimebaki na kitinda mimba. Kila wingu likitanda namkalisha barazani na sweta safi. Yeye husema, "Mama, mimi sitaki mume wa kuvutwa kwa kamba," lakini hizo ni aibu tu. Ndipo msimamizi wako akaja na makoleo. Nikamsihi, "Baba, shimo fukieni, ila mtaro uacheni ulivyo." Nilijua likifukiwa hivyo litarudi lenyewe. Akacheka. "Ndiyo maana tunaanza na mtaro, mama. Adui wa lami ni maji. Yakipata njia, barabara hii itadumu mpaka wajukuu zako waote mvi."

Wajukuu! Wengine watatoka wapi, Mheshimiwa, ikiwa kila mtu anapita salama?

4. Si hilo tu. Mmeinua barabara katikati, maji yanateremka pembeni kwa adabu na kwenda zake. Jana imenyesha mvua ya kung'oa mabati. Daktari wa mifugo, ambaye hajaoa, nimeulizia, alipita mbele yetu akipiga mluzi. Hata breki hakugusa.

5. Kwa hiyo naomba mtaro uzibwe, walau pale mbele ya duka langu. Mifuko ninayo. Kama shimo jipya litachelewa kukomaa, basi tuazimwe moja lililo tayari kutoka mtaa wa nyuma. Wanayo mengi, na wala hawayatumii ipasavyo.

Nisalimie mkeo, watoto, karani wako, na dereva wa greda anayezima injini nikiwa na mteja. Waambie sina kinyongo na yeyote, ila koleo.

Wako niliyekaukiwa,
Fundi Cherehani wa Kando ya Barabara

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, msimamizi wako amekuja kutazama kama maji ya mtaro hayaingii dukani. Nikamwita kitinda mimba alete kiti. Akaleta viwili, akaniangalia, akatoka mbio huku kicheko kimembana. Kumbe msimamizi naye ni mjane, na shati lake limepungukiwa vifungo. Nimevishona vyote, hata vilivyokuwa imara. Tafadhali usisome namba moja hadi tano. Mtaro ni mzuri mno, usiguswe, uendelezwe hata mtaa wa nyuma. Ninachoomba ni ukaguliwe kila jioni, na mtu huyo huyo. Naona anakuja tena, nami sijachana nywele.