Yah: Mwanachama Aliyeomba Msaada Kabla Hajafa

Daktari Aminiel,
Mratibu wa Upimaji wa Tezi Dume,
Babati.

Ndugu Daktari,

Pokea salamu za Chama cha Kufa na Kuzikana, Maisaka. Mimi ni mwenyekiti wake tangu mwaka ule mkoa wetu ulipokatwa kutoka Arusha, na kwa muda wote huo hakuna mwanachama aliyewahi kulalamika kwamba amezikwa vibaya. Naandika kwa heshima, ila nimeudhika.

1. Gari lenu la matangazo limepita Maisaka, Bagara hadi Nakwa likihimiza wanaume wa miaka hamsini na kuendelea wakapime tezi dume, hata wasioumwa. Hapa kwetu ugonjwa una utaratibu. Mwanamume anaamka usiku mara nyingi kukojoa, anasingizia baridi ya Mlima Kwaraa, ananyamaza, anazidiwa, ndipo watu wanaarifiwa. Ninyi mnataka kumkuta kabla hata hajaanza kusingizia. Tena tulikuwa na sababu nzuri ya kutokwenda, yaani kile kipimo cha kidole. Mkatangaza kwamba mnaanza na damu ya mkononi. Sababu yetu mmeiua, na nyingine hamkutupa.

2. Mwenzetu Marseli, fundi baiskeli wa Bagara, alikwenda kupima akijiona mzima kabisa. Mkamwambia ana saratani, lakini imewahiwa na inatibika. Kikao kilichofuata alisimama mbele ya watu akaomba chama kimsaidie nauli ya hospitali ya rufaa na chochote cha matibabu. Nilimsomea katiba kwa upole: msaada hutolewa mwanachama anapofariki. Akauliza kama akishafariki ataweza kupanda basi. Baadhi ya wajumbe walicheka, jambo ambalo si la kawaida katika vikao vyetu. Mweka hazina, Mzee Mustapha wa duka la vitenge, alitaka kufungua mfuko palepale, ikabidi nimkumbushe wadhifa wake.

3. Mtu asidhani hatuna huruma. Mwaka jana tulimzika Kasimiri, ambaye tezi hiyo hiyo ilimmaliza kwa kuchelewa. Alipokuwa kitandani familia yake ilitafuta gari la kumpeleka hospitali ikakosa. Kila mmoja wetu gari lake lilikuwa bovu au limekwenda shambani. Siku ya mazishi yalikuja magari mengi mpaka mengine yakarudi matupu. Ng'ombe alichinjwa, sare zilishonwa, na risala niliyoisoma iliwaliza watu. Mjane wake, Mama Vailet, hakulia. Alikuwa akiyatazama magari.

4. Huyo Mama Vailet sasa amewakusanya wanawake, akiwemo mke wangu Ursula, wakatangaza kwamba hawatapika kwenye msiba wa mwanamume yeyote aliyekataa kupima. Hii ni hujuma. Sufuria ni za chama lakini mikono ni yao. Tulijaribu kuwatumia vijana katika msiba mmoja, na pilau ile wafiwa waliililia zaidi kuliko marehemu.

5. Kwa hiyo chama kinaomba mambo mawili. La kwanza, punguzeni sauti ya kile kipaza sauti. La pili ndilo kubwa: umwandikie Marseli barua yenye mhuri, inayothibitisha kwamba hatapona, ili tuweze kumtolea nauli ya kwenda kupona. Bila karatasi hiyo mikono yetu imefungwa. Na ikitokea akapona baada ya kupokea fedha zetu, tutamtaka ajieleze kwa maandishi.

Nakushukuru kwa kazi yako, ingawa inatuharibia. Wasalimie wauguzi, dereva, na yule kijana wa matangazo; mama yake tunafahamiana. Huku nyumbani wote hawajambo.

Wako katika kuzikana,

Yoakimu Margwe
Mwenyekiti

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii nilikwenda kupima, kwa ajili ya wapishi tu, maana siumwi popote. Majibu yametoka, natakiwa hospitali ya rufaa kwa vipimo zaidi. Nilikusudia kunyamaza kama tunavyonyamaza, lakini Ursula akamwambia Marseli. Jana jioni akaja nyumbani. Ameuza baiskeli yake mwenyewe kupata nauli, na mimi amenikatia tiketi ya kiti kilicho karibu na chake, kwa sababu anasema safari ya kwanza mtu asiende peke yake. Nilimkumbusha kwamba mimi ndiye niliyemnyima. Akasema anajua, alikuwepo. Asubuhi hii nimemwambia Mzee Mustapha afungue mfuko, na yule atakayeuliza katiba aje aniulize mimi. Ile barua ya Marseli usiiandike kabisa. Tunaondoka kesho alfajiri. Naogopa, Daktari. Nataka sana kurudi.