Safari ya Kumfuata Yangdol Bila Kuonekana Namfuata

Jumatatu, 2 Septemba

Mpango umekamilika! Mke wangu Yangdol yuko kwao, juu kabisa bondeni, tangu shayiri ianze kukomaa. Alisema amechoka na mipango yangu, atarudi nikiwa mtu mzima. Mimi nikambembeleze mlangoni kwa baba yake? Thubutu! Nitapita tu. Kikazi. Nitaongoza mgeni kwenda nyumba ya watawa iliyo mapangoni, na njia, kwa bahati tu, inapita mbele ya nyumba yao. Nitakuwa juu ya farasi mweupe. Yeye yuko juu ya paa anaanika njegere. Jua linazama. Anaacha kazi, anatazama, anaweka mkono kifuani...

Chai imechemka ikamwagika yote. Sikuona.

Jumanne, 3 Septemba

Mgeni amepatikana. Bi Madhuri, mwalimu mstaafu kutoka Kolkata, amepanga chumba kwangu. Nimemwambia bonde zima nalijua kama kiganja changu. Mara ya mwisho kupita huko ilikuwa siku ya harusi yetu, na siku hiyo pombe ya shayiri ilikuwa nyingi.

Farasi ni wa Angchuk, kaka yake Yangdol. Nikamwambia nawataka kwa kazi ya wageni. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji, sema tu umemkumbuka dada yangu, nikupe farasi bure!" Nikakana. Akanipa dzo, chotara wa yaki na ng'ombe. Mzee. Ana pembe moja. Mshenzi huyu Angchuk!

Alhamisi, 5 Septemba

Safarini. Ah, bonde letu! Mto wa rangi ya feruzi. Vivuli vya mawingu vinatambaa milimani polepole, kama vinatafuta pa kulala. Asubuhi yote nimemwona Yangdol kwenye kila mwamba. Bi Madhuri yuko mbele, ananisubiri, anauliza kama magoti yananiuma. Nikasema nampisha kwa heshima.

Tukafika kwenye ukuta mrefu wa mawe ya sala. Hupitwa ukiwa kuliani kwako, hata mtoto anajua. Lakini upande huo una mwinuko, nami magoti yananiuma. Nikakata upande wa pili. Dzo akanitazama, akagoma, akafuata njia ya heshima peke yake. Natokea mwisho wa ukuta: hayupo! Mizigo yote! Na kofia yangu ya sherehe, niliyoifunga juu ya mizigo isichafuke!

Tumelala kwenye kibanda cha wachungaji. Bi Madhuri ameuliza kiganja changu kinasemaje.

Ijumaa, 6 Septemba

Kumbe dzo alizaliwa kwa baba mkwe. Amekwenda kwao, kama mke wangu.

Asubuhi tulikuwa tumekaa kando ya mto, tunakula aprikoti kavu. Nikasikia sauti. Yangdol! Anakimbia ukingoni, nywele zimefumuka, amekumbatia kofia yangu, anaulilia mto. Dzo amefika kwao bila mimi, naye anadhani nimezama!

"Tundup! Tundup wee! Si ungeniambia tu nirudi, ningerudi!"

Moyo ukayeyuka. Nilipaswa kutokea palepale. Lakini hakuna aliyewahi kunililia vizuri hivyo! Nikajibanza nyuma ya jiwe nisikilize kidogo tu.

Bi Madhuri akasimama. "Binti, unamtafuta huyu? Yuko huku nyuma, anatafuna."

Yangdol alinipiga kwa kofia mpaka ikapoteza umbo. Kisha akanishika shingoni, akalia upya, nami nikalia. Nikamwambia nilichoshindwa kusema tangu shayiri ianze kukomaa: rudi nyumbani. Tulipofika kwao, akaniapisha mbele ya baba yake: mipango basi. Nikaapa kwa moyo wangu wote.

Jumatatu, 9 Septemba

Nyumbani. Yangdol yuko jikoni anaimba, mwanga wa dirishani umetulia kwenye nywele zake. Ningeweza kutazama hivi mpaka theluji ianguke.

Theluji! Bi Madhuri ameondoka leo. Alipokuwa anapanda gari nikamnong'oneza awaambie walimu wenzake: baridi hii nitaongoza watu juu ya mto ulioganda. Akauliza kama barafu naijua. Nimezaliwa juu yake, mama!

Kweli, kila baridi huwa sibanduki jikoni hadi maua yachanue. Lakini barafu ina ugumu gani? Ni maji tu, yametulia. Yangdol nitamwambia nakwenda kusali.

Ananiita, chakula kimeiva. Anauliza naandika nini.

Nimemwambia sala.