Pua Yangu na Sauti ya Lu

Jumatatu, 6 Oktoba. Tianjin.
Aibu tupu! Mwalimu Meng kanibana pua katikati ya wimbo, mbele ya kikundi kizima cha opera. Sauti ikakatika. Kaniambia: "Mzee Qiao, wewe unaimbia puani. Sauti inatokea mdomoni, pua na mifupa ya uso vinatetema tu." Kisha akambana pua Lu, mwimbaji mwenzangu. Hakuna kilichobadilika! Sauti yake inalia kama kengele ileile. Basi kwenye onyesho la Jumapili Lu ataigiza mfalme. Mimi mlinzi wa lango. Mlinzi hana hata neno moja.

Jumatano, 8 Oktoba.
Nimepata dawa! Nimemnong'oneza Lu kwamba waimbaji wa zamani walipaka haradali puani kila asubuhi. Uongo, nimeutunga nikinywa supu. Akanishika mikono yote miwili. "Kaka Qiao, nani mwingine angenipa siri kama hii?" Nikatazama viatu vyangu.

Ijumaa, 10 Oktoba.
Pua ya Lu imevimba kama biringani. Mwalimu kauliza nani kamshauri. Hakunitaja! Kasema ni ujinga wake mwenyewe. Mfalme sasa ni mimi. 

Jumapili, 12 Oktoba.
Natamani nisiandike. Mama yake Lu, miaka tisini na moja, aliletwa kwa kiti cha magurudumu hadi mstari wa mbele. Masikio yamekwisha, sauti ya mwanawe tu ndiyo hupenya. Hakuna aliyemwambia kuhusu mabadiliko. Nikaimba kwa nguvu zangu zote. Ubeti wa pili, akauliza kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima: "Jamani, wanaanza saa ngapi?" Watu wakaangua kicheko. Lu hakucheka. Alipiga magoti kando ya kiti, akamwimbia sikioni kwa pua ileile mbovu. Bibi akaanza kutikisa kichwa kwa mdundo. Nami jukwaani, taji kichwani, mdomo wazi.

Jumatatu, 13 Oktoba.
Nimempelekea Lu mapeasi, nikaungama. Akasema, "Haradali? Nilijua tangu Ijumaa, kaka. Kaa, unywe chai." Nikalia kama mtoto. Nikaapa mbele ya mama yake: sitamfanyia hila mtu tena.
Nikishuka ngazi nikakutana na Mwalimu Meng akipanda. Anatafuta mwimbaji mmoja wa kwenda kuimba Beijing. Anataka kumwuliza Lu kwanza.
Nikamwambia, machozi hayajakauka, kwamba maskini Lu ameamua kuacha kuimba.
Akaniamini kwa sababu ya machozi.