Laptopu ya Kornel Yaenda Ukweni

Sumbawanga nzima ina kompyuta moja tu, ya Kornel! Zilizobaki ni mabati. Hayo si maneno yangu, ni ya Kornel mwenyewe, fundi kompyuta wa mtaa wa Mazwi, na aliyasema kila asubuhi kibandani kwake huku akiifuta laptopu yake kwa kitambaa laini kuliko shuka lake.

"Biti sitini na nne, mshikaji!" aliniambia. "Za thelathini na mbili ziliisha na babu zetu."

Mimi nilikuwa mshenga wake. Kornel alimpenda Sayi mpaka anasahau kula, na baba yake Sayi, mzee Mboje wa Mtowisa, alikuwa ametupa sharti. Kwenye mashine yake ya kukoboa mpunga kuna kompyuta ya zamani, ya biti thelathini na mbili hizo hizo, inayoita wateja kwa spika. Mzee kaongeza mashine ya pili, na programu inaijua moja tu. Irekebishwe kwanza, ndipo tuongee habari za binti.

"Hiyo tu?" Kornel alicheka. "Naimaliza huku nakunywa chai!"

Na kweli. Aliifungua kwenye laptopu ile programu tuliyopewa na mzee, akaongeza mistari michache, akaikompaili, yaani akayageuza yale maandishi yawe kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha. Akabonyeza. Spika ikanguruma: "Mteja wa saba, mashine ya pili!" Mtaa ukapiga makofi, Kornel akapunga mkono kama mbunge aliyepita bila kupingwa.

Tukateremka bondeni Mtowisa kwa pikipiki, laptopu mgongoni kwa Kornel, jua likituchoma, barabara ikitupepeta. Mzee Mboje alikuwa amekaa na ndugu zake, Sayi akichungulia dirishani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya, tuone."

Kornel akaiweka programu kwenye kompyuta kuukuu. Ikakataa. Akarudia. Ikakataa! Jasho jembamba likamtoka. Alikuwa ameijenga kwa biti sitini na nne za laptopu yake, ambazo kompyuta ya thelathini na mbili haiwezi kuziendesha, akasahau kabisa kuielekeza kwamba itaendeshwa na bibi kizee.

"Si uikompaili upya hapa hapa?" nikamnong'oneza.

"Lazima nipakue vifaa vya biti thelathini na mbili. Vipo mtandaoni."

Nikatazama simu. Mtandao haukuwepo hata wa kusingizia.

Wazee wakakohoa. Sayi akafunga dirisha. Moyo uliniuma, nawaambia! Hapo Kornel akachanganyikiwa, akachomoa waya wa spika, akauchomeka kwenye laptopu.

"Mteja wa saba, mashine ya pili!"

Vigelegele! Dirisha likafunguka. Mzee Mboje akasimama, akamshika mkono. "Mkwe wangu! Wengine wanakuja na maneno, wewe umeniletea kompyuta mpya!"

"Baba, hiyo ni..."

Nikamkanyaga mguu. Baba mkwe akishakushukuru mbele ya ndugu zake, utamwambia nini?

"Hiyo ni zawadi ndogo tu, baba," Kornel akamalizia.

"Na hii ya zamani chukua wewe. Usirudi mikono mitupu."

Tukapanda mlima kurudi Sumbawanga, Kornel nyuma yangu kaikumbatia ile kompyuta na kioo chake chenye kisogo kama televisheni za zamani.

Kesho yake nikamkuta kibandani anaifuta kwa kitambaa kile kile, watu wamejaa.

"Hizi za zamani ndizo imara," alikuwa anawaambia. "Hizo mpya ni za kuringia tu!"

Akaichomekea spika ya kibandani, akaiwasha. Ikakoroma, ikakohoa, kisha ikapaza sauti mpaka mwisho wa mtaa:

"Mteja wa kwanza, leta mpunga!"