Jiwe la Katanga Lililotoa Povu

Leo nimevuliwa nguo hadharani. Nguo ninazo mwilini, tena makoti mawili kwa baridi ya huku Uingereza. Kilichovuliwa ni heshima yangu, na waliokuwa wakitazama ni wakwe zangu watarajiwa.

Nawaandikia mapema kabla hamjasikia kwa wengine. (Najua nimechelewa. Najua nusu ya mji wetu wa Likasi imeshapigiwa simu.)

Hii ni siku yangu ya nne London. Dada yangu Solange ndiye aliyenialika, lakini mchana kutwa yuko kazini, kwa hiyo natembea peke yangu, na sijawahi kufurahi hivi tangu nizaliwe! Juzi nilipanda basi jekundu la ghorofa, nikakaa juu, mbele kabisa, nikazunguka nalo mpaka dereva akapanda kuniuliza kama naumwa. Jana nilisimama kando ya mto kungoja ile saa kubwa ilie. Ilipolia nikapiga makofi. Peke yangu. Watu wakasogea kando kidogo. Nimepiga picha za bata, za mvua, na za mzee mmoja aliyesubiri taa ya barabarani iwake kijani wakati hapakuwa na gari hata moja. Nilimpiga picha tatu.

Leo mvua ilinifukuza nikaingia kwenye jumba la sanaa. Lakini kabla sijawaingiza humo, niwaambie jambo moja.

Wasionijua: mimi hununua mawe pale kwenye machimbo ya Kamatanda. Wachimbaji wanaleta, mimi natazama, nasema hili lina shaba, hili ni udongo umejipamba. Sina mashine. Nina macho, na macho hayo ndiyo yamenilisha mpaka leo. Sasa Papa Kazadi, baba yake Béa wangu, alifanya kazi laboratoire, maabara ya kiwanda cha shaba, mpaka akastaafu. Maisha yake yote alikuwa anapima mawe. Mtu anayetazama tu, kwake ni sawa na mganga wa kienyeji. Kwa miezi minane amekataa kupanga siku ya kupokea wazee wangu waje kumposa Béa. Mama yake Béa amekubali, wajomba wamekubali, amebaki Papa peke yake. Na leo, baada ya misa, familia ilikuwa imekaa sebuleni ili Papa atoe jibu.

Béa aliniandikia asubuhi: "Piga simu ya video. Papa akuone kama weye ni muntu ya maana."

Basi nikawa natafuta mahali pa maana pa kusimama. Nikapinda kona moja ndani ya jumba lile, na hapo moyo ukanilipuka.

Jiwe. Kubwa kama mbuzi aliyelala. Kijani kibichi, mistari ya duara myeusi na iliyopauka, malakiti yenyewe, jiwe lenye shaba, limewekwa juu ya meza fupi bila kioo wala kamba. Ukutani palikuwa na karatasi ya Kiingereza kirefu. Nikatambua neno moja: Katanga, jimbo letu. Sikusoma zaidi. (Mimi nisomewe habari za Katanga?)

Nikapiga simu hapo hapo. Wakatokea wote: Béa, mama yake, wajomba wawili kwenye kochi, na Papa kwenye kiti chake, miwani usoni.

"Papa, angalia," nikasema. "Jibwe ya kwetu, huku London!"

Wajomba wakapiga makofi. Mama akasema, "Bwana asifiwe." Béa akatabasamu, na kwa ajili ya tabasamu lile nikaendelea kusema pale ambapo mtu mwenye akili angenyamaza.

Papa akasogeza uso kwenye simu. "Weye unayua ile ni malachite?"

"Ndiyo, Papa. Ya Kamatanda kabisa. Minye naweza kuapa."

"Ulipima?"

"Macho yangu inatosha, Papa."

Wajomba wakaacha kupiga makofi. Papa akakaa vizuri. "Bon," akasema. "Loanisha, tuone."

Ni haki yake. Jiwe kavu huficha rangi, jiwe lililoloana husema kweli. Kamatanda tunalimwagia maji, na maji yakikosekana, kila mtu ana mate yake. Chupa yangu ilikuwa imebaki mlangoni. Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia. Mama mmoja mzee alikuwa ameshughulika na picha ya farasi. Nikalamba vidole vitatu, vizuri, nikasugua. Rangi haikutoka sawasawa, nikaongeza mate. (Mama yangu, nisamehe. Hukunilea hivyo.)

Jiwe likateleza. Nikafikiri ni vumbi, nikasugua kwa nguvu, jinsi tunavyofanya kwa jiwe gumu. Likateleza zaidi. Kisha nikaona kitu cheupe. Nikakifuta haraka kwa mkono wa koti, nikasahau kwamba koti limeloa mvua.

Povu likafumuka. Povu zito, jeupe, na harufu yake ilikuwa ya mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Iyo njo nini inatoka?" mjomba mmoja akauliza.

"Chéri," Béa akasema polepole, "acha kusugua."

Lakini ningeachaje? Kila nilipofuta ili liishe, ndivyo lilivyozidi. Lilinifika kwenye viwiko. Lilidondoka sakafuni. Na simu nilikuwa nimeiegemeza pale mezani ili waone vizuri, kwa hiyo waliona vizuri.

Mlinzi akaja, mwanamke mrefu mwenye uso wa huzuni. Alisema mengi. Nilielewa "tafadhali" tu, na alilisema mara sita. Mwishowe akaandika kwenye simu yake, ikatafsiri kwa Kifaransa, akanionyesha: Bwana, msanii alichonga jiwe hili kwa sabuni. Tafadhali usiendelee kuliosha.

Papa akauliza, "Anasema nini?"

Jamani, kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kukata. Kusingizia mtandao kila mtu wa Likasi anajua, na mimi nina cheti. Niliona miezi minane inakwenda na maji ya sabuni. Lakini Béa alikuwa ananitazama, na sikuweza kumwachia aibu ile aibebe peke yake pale sebuleni.

"Anasema ni sabuni, Papa," nikasema. "Nilikosa."

Mjomba mmoja aliuma kofia yake asicheke. Papa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Sabuni."

"Ndiyo, Papa."

"Sasa niambie. Ile macho yenye iliona sabuni ikasema ni malachite, njo ile ile ilichagua mutoto wangu?"

Aliyejibu ni Béa: "Papa, minye ulinipimaka weye mwenyewe tangu mutoto. Yeye alikuta kazi imeisha."

Papa akamgeukia. Kisha akacheka. Namjua miaka miwili na sikuwahi kuona meno yake. Leo nimeyaona yote. Alicheka mpaka mama yake Béa akamshika bega asianguke. Alipopata pumzi akasema, "Ku laboratoire, bantu ba kukosa tulikuwa bengi. Ba kusema 'nilikosa' tulikuwa babili tu. Leta bakubwa bako, mwezi yenye inakuya."

Nikapiga vigelegele ndani ya jumba la sanaa la Waingereza! Nikaruka. Nilipotua, nilitua kwenye povu langu mwenyewe, nikaenda chini kwa makalio mbele ya mlinzi, wakwe zangu na yule mama wa farasi. Mlinzi akaniinua kwa heshima, akanipa simu yangu, akanisindikiza mpaka nje. Mvua ikanisuuza.

Sasa niko kwenye benchi, nimeloa, nanukia vizuri, na ninaoa! Naomba asicheke mtu. Na wewe wa Kamatanda unayepanga kuniletea kipande cha sabuni nikirudi, nakuona kutoka huku, kwa macho haya haya.