Sauti Safi kwa Harusi ya Husna

Jumatatu, 16 Juni
Leo kabla ya adhuhuri nimepoteza kazi ya muziki wa harusi ya Husna. Harusi yenyewe Jumamosi. Kapewa Jenoveva! Mwenye simu iliyopasuka kioo na spika inayokohoa. Mimi spika zangu nilizifuata Tanga mwenyewe, kwa viazi vya misimu mitano, bila mjomba wala mfadhili. Mama Mwanamisi, mzaa bibi harusi, anasema flashi yangu ina nyimbo arobaini, simu ya Jenoveva mia nne. Nikamweleza: ujazo ni uleule, ila zangu hazikubanwa, wimbo wangu mmoja una sauti ya nyimbo zake kumi. Akasema, "Kristofa mwanangu, hesabu haichezeki."

Jumanne, 17 Juni
Nimetafuta ushahidi. Nimeshuka mtoni wanakooshea karoti, na spika ndogo ya betri. Kina mama kumi. Nikawageuza migongo. Wimbo mmoja mara mbili: kwanza kutoka kwangu, kisha uleule niliounakili kwa Jenoveva. Tisa wakachagua wa Jenoveva! Eti wangu unanong'ona, wake unashinda maji. Wa kumi, shangazi yangu Secilia, kasema yote sawa, ila nimekonda.
Mto umeharibu ushahidi.

Alhamisi, 19 Juni
Nimekwenda kwa Mama Mwanamisi na kabichi sita na shikamoo mbili. Nitapiga bure! Kasema cha bure hakikataliwi, ila Jenoveva naye aje, akae karibu. Akae. Ajifunze.

Jumamosi, 21 Juni
Nimefika ukungu haujaondoka. Nimepima: pa kusikia barabara ni katikati ya spika mbili, viti vinane tu. Wageni mia mbili na zaidi. Nikapanga zamu, nyimbo mbili kila kundi. Wazee wakakaa kwa adabu kama wanamsubiri daktari. Kisha bibi harusi akatoka, vigelegele vikapasuka, vikalifunika gitaa la pili lote! Nikashika kipaza sauti, nikawaomba kina mama wapunguze.
Kimya. Kimya safi kabisa, sikatai.
Shangazi wa bibi harusi akauliza huyu kazaliwa na nani. Mwenzake akajibu labda na redio. Nikaondolewa. Spika zikabaki. Jenoveva akachomeka simu yake kwenye spika ZANGU! Wimbo wa kwanza kaurekodi redioni, katikati mtangazaji anasoma bei ya mahindi. Watu wakaicheza na bei yenyewe mpaka turubai likalegea. Shangazi Secilia, msaliti, mstari wa mbele.

Jumapili, 22 Juni
Nimetafakari. Kosa nimeliona: viti. Vinane vilikuwa vingi mno. Vinne vingetosha.
Nasra, mdogo wake Husna, anaolewa Agosti. Nimemwandikia Mama Mwanamisi kwenye simu: Shikamoo mama. Muziki wa Nasra ni wangu au wa Jenoveva? Sitaki "tutaona". Sitaki "Mungu akipenda". Jina moja tu, kabla ya saa kumi na mbili jioni ya leo.